Jiwe likidondoka kuelekea Jua, hufika na kasi gani?

Swali limetoka kwa fundi simu wa Kariakoo, na ameliandika hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Kijana wangu yuko kidato cha pili. Juzi umeme ulikatika tukakaa barazani, akaniuliza: baba, mtu akiachia jiwe huko angani lidondokee Jua, litafika na kasi gani? Nikamwambia litaongeza kasi njia nzima, na kwa kuwa Jua liko mbali mno, bila shaka litafika limeshaupita hata mwanga. Hakuridhika. Akasema shuleni wamefundishwa hakuna kinachoupita mwanga. Akaniuliza pia, kama nyota ni kubwa kuliko Jua, jiwe litakimbia zaidi? Nisaidie, nisije nikamdanganya mtoto."

Marahaba, ndugu yangu. Kijana wako ana haki ya kutoridhika, lakini na wewe hukukosea kwa uzembe. Umefikiri kama anavyofikiri mtu yeyote aliyewahi kuona kitu kikidondoka, na ningependa tuanzie hapohapo ulipoanzia.

Ila kwanza nikupe jibu lenyewe, usiku ukiwa mrefu uwe nalo. Jiwe likiachiwa kwenye umbali ule ilipo Dunia, yaani kilomita milioni 150 hivi kutoka kwenye Jua, likaachwa lidondoke moja kwa moja, litaufikia uso wa Jua likiwa na kasi ya kilomita 616 kwa sekunde. Safari itachukua siku 64 na nusu. Mwanga huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo jiwe litakuwa limefikia sehemu mbili tu katika kila elfu moja ya kasi ya mwanga. Sasa sikia jambo ambalo naona ndilo lenye utamu kuliko yote: ukilipeleka jiwe hilo mbali zaidi, mbali mara elfu, mara milioni, mbali kiasi chochote unachoweza kufikiri, kisha ukaliachia, litafika na kilomita 617.5 kwa sekunde. Safari yote hiyo ya ziada imeliongezea kilomita moja na nusu.

Tuanze na mnazi. Nazi ikichomoka kwenye mnazi wa mita 20 hutua baada ya sekunde mbili, na kasi yake wakati wa kutua ni kama mita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 71 kwa saa. Ndiyo maana watu wa pwani hawatandiki mkeka chini ya mnazi. Mnazi ungekuwa na urefu maradufu, nazi ingefika na mita 28 kwa sekunde. Haiwi maradufu, lakini inaongezeka, na ingeendelea kuongezeka kadiri unavyourefusha mnazi. Hesabu hiyo inakubali kwa sababu Dunia inaivuta nazi kwa nguvu ileile, iwe kileleni au karibu na shina. Mita 20 si chochote mbele ya ukubwa wa Dunia.

Wewe ulilichukua Jua kama mnazi wa kilomita milioni 150. Kosa liko mahali pamoja tu: kwenye mnazi huo mvuto si uleule kileleni na chini. Mvuto hupungua kwa mraba wa umbali. Ukienda mbali mara mbili kutoka kwenye kitovu, unabaki robo. Mara kumi, unabaki sehemu moja katika mia. Kwenye uso wa Jua mvuto ni mara 28 ya huu tunaousikia miguuni hapa Dar. Lakini kwenye umbali wa Dunia, Jua linaliongezea jiwe kasi ya milimita 6 tu kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Milimita sita. Hata kama mvuto ule mkali wa kwenye uso wa Jua ungeendelea bila kupungua mpaka huku kwetu, jiwe lingefika na kilomita 9,000 hivi kwa sekunde, bado ni mbali kabisa na mwanga. Lakini hauendelei, na hapo ndipo mambo yote yanapobadilika.

Njoo tuliachie jiwe pamoja, usiku wa kuamkia mwaka mpya, saa sita kamili. Tufanye kwamba Dunia yenyewe haipo jirani, maana ingekuwepo ingelinyakua kabla hata halijaanza safari. Tuliache limesimama kabisa, halina mwendo wa upande wowote, kisha tulitazame.

Saa moja baadaye lina kasi ya kilomita 77 kwa saa. Daladala ya usiku isiyo na foleni inaweza kuliacha. Baada ya saa mbili na dakika tano limefikia kilomita 160 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya treni yetu ya SGR inapokimbilia Morogoro. Siku nzima ikiisha lina nusu kilomita kwa sekunde, na katika njia ya kilomita milioni 150 limekula kilomita 22,000 tu. Mtu akilitazama hapo anaweza kusema jiwe hili halifiki.

Tarehe 11 Februari ndiyo linavuka umbali wa Zuhura, likiwa na kilomita 26 kwa sekunde. Jioni ya tarehe 22 Februari liko katikati ya njia, kilomita 42 kwa sekunde. Angalia kalenda: siku 53 zimekwenda, na ni nusu tu ya safari. Nusu ya pili haitamaliza hata siku 12. Usiku wa kuingia tarehe 27 linapita umbali wa Utaridi, na kasi ni 53. Tarehe 5 Machi, saa kumi jioni, imebaki sehemu moja ya kumi ya njia, kilomita milioni 15, na jiwe lina kilomita 126 kwa sekunde. Sehemu hiyo ya mwisho italimaliza kwa saa 21 hivi. Na katika saa hizo 21 ndipo kasi inapotoka 126 kwenda 616. Kilomita laki saba za mwisho kabisa linazipita kwa dakika 23. Mchana wa tarehe 6 Machi, limefika.

Kwa hiyo karibu kasi yote imetengenezwa siku ya mwisho. Siku 63 za mwanzo zilikuwa za kujikokota. Ndiyo maana kulianzisha jiwe mbali zaidi hakusaidii kitu: unaliongezea miezi, miaka, hata karne za kujikokota, na mwisho wake ni uleule. Kinachoamua kasi ni jinsi jiwe linavyoweza kukaribia kitovu cha nyota. Mahali lilikotoka hapana uzito mkubwa.

(Tarehe hizo za mwanzoni mwa Machi zina jambo lake kwetu. Siku mbili tatu kabla, Jua hupita utosini kabisa hapa Dar es Salaam, kama saa sita na nusu mchana. Simamisha kijiti wima uwanjani, kivuli kinapotea. Hutokea tena katika wiki ya pili ya Oktoba. Mtoto akikuuliza jiwe letu linadondokea wapi, msimamishe siku hiyo umwonyeshe juu. "Kudondoka" hakumaanishi kwenda chini. Kunamaanisha kwenda kunakovutwa.)

Yawezekana kijana akauliza: mbona jumla ina kikomo, wakati njia haina mwisho? Mwambie airudishe picha nyuma, kama video. Ukilirusha jiwe kutoka kwenye uso wa Jua kwa kilomita 617.5 kwa sekunde, litapanda, litapunguza mwendo, litazidi kupunguza, lakini mvuto nao unazidi kulegea nyuma yake, na halitarudi tena. Hiyo inaitwa kasi ya kuponyoka. Kudondoka kutoka mbali kusiko na mwisho ni video hiyohiyo ikichezwa kinyumenyume. Kwa Dunia yetu kasi hiyo ni kilomita 11.2 kwa sekunde, na ndiyo kasi ambayo nazi ya kwenye mnazi usio na mwisho isingeizidi, tukiacha habari ya hewa.

Nitakupa na kanuni moja ya kukokotoa kichwani, maana fundi hupenda kifaa cha kushika mkononi. Kwa kitu kilichotoka mbali sana, kwenye uso wa Jua kasi ni 618 (ni ile 617.5, nimeikadiria iwe namba kamili). Ukiwa mbali na kitovu mara nne ya hapo, kasi ni nusu, 309. Mara mia, kasi ni moja ya kumi, karibu 62. Unatafuta kipeuo cha pili cha umbali, unagawanya. Dunia iko mara 215, na ukigawanya utapata 42.

Na kama jiwe halikuachiwa tu bali lilikuja tayari lina mbio zake? Hilo limeshatokea mbele ya macho yetu. Mwaka 2017 kilionekana kitu kilichoitwa 'Oumuamua, cha kwanza kujulikana kuwa kimetoka nje ya mfumo wa Jua, kikiwa na kasi yake ya safarini ya kilomita 26 hivi kwa sekunde. Kilipopita karibu zaidi na Jua kilikimbia kilomita 87 kwa sekunde, kisha kikaenda zake. Kingelilenga Jua lenyewe, kingefika na 618 badala ya 617.5. Zile 26 hazijumlishwi na 617.5 kama hela mfukoni, maana kinachojumlishwa ni miraba ya kasi, na mraba wa 26 ni mdogo sana ukiuweka kando ya mraba wa 617.

Kuhusu uzito wa jiwe sitachelewa. Haujalishi. Kokoto na Kimondo cha Mbozi, chuma chenye tani zaidi ya kumi, vikiachiwa pamoja vitaliendea Jua bega kwa bega, kwa sababu kilicho kizito kinavutwa zaidi na pia ni kigumu zaidi kusukumwa, na mawili hayo yanafutana sawasawa. Mwanaanga David Scott aliachia nyundo na unyoya kwenye Mwezi mwaka 1971, mahali pasipo na hewa, vikatua pamoja. Vumbi laini sana ndilo lenye hesabu nyingine, kwa sababu mwanga wa Jua unalisukuma. Na ni kweli kwamba jiwe halisi la ukubwa wa ngumi lingekuwa mvuke kabla ya kufika. Namba nilizokupa ni za mwendo tu, joto tumeliweka pembeni.

Sasa kuna swali ambalo kijana hakuliuliza, nami ningelitamani aliulize: ikiwa Jua linavuta hivyo, kwa nini Dunia haidondoki? Inadondoka. Inadondoka sasa hivi wewe unaposoma. Kila sekunde Dunia inaliinamia Jua kwa milimita 3 kutoka kwenye mstari ulionyooka. Lakini katika sekunde hiyohiyo inakwenda pembeni karibu kilomita 30. Milimita tatu kwa kilomita thelathini, ndiyo mpindo unaoufanya mzingo wetu ufunge duara kwa mwaka mmoja. Tunadondoka na kulikosa Jua, kila siku, kwa miaka bilioni nne na nusu.

Matokeo yake ni kwamba kulifikia Jua ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi nasikia pendekezo la kuzituma taka zote za dunia zikachomwe kwenye Jua, kana kwamba ukizitoa tu nje ya Dunia zitateremka zenyewe. Hazitateremka. Zitaendelea kulizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde kama sisi. Ili zidondoke, inabidi uufute mwendo huo wote. Kutoka hapa tulipo, kuutoroka mfumo mzima wa Jua unahitaji kuongeza kilomita 12 hivi tu kwa sekunde juu ya mwendo wa Dunia. Kulidondokea Jua unahitaji kuondoa 30. Kwenda kwenye giza la nyota nyingine ni rahisi kuliko kumfikia jirani tunayemwona kila asubuhi akichomoza upande wa Kigamboni.

Wahandisi wa NASA walilijua hilo walipotuma chombo cha Parker Solar Probe tarehe 12 Agosti 2018. Waliweka chombo kidogo juu ya roketi kubwa ya Delta IV Heavy, na bado haikutosha. Ikabidi chombo kipite karibu na Zuhura mara saba, kwa miaka sita, na kila mara sayari hiyo ikikipunguzia mwendo kidogo ili kiinamie zaidi kwenye Jua. Kinachonifurahisha ni hicho: ili chombo kiwe na mbio kuliko chochote kilichowahi kutengenezwa na binadamu, kwanza kilipunguzwa mwendo. Tarehe 24 Desemba 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka kwenye uso wa Jua, kwa kasi ya kilomita 692,000 kwa saa, sawa na 192 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kutoka hapa hadi Dodoma kwa njia ya barabara ni sekunde mbili na nusu.

Ichukue kanuni yetu uipime hapo. Kilomita milioni 6.1 kutoka usoni ni karibu milioni 6.8 kutoka kwenye kitovu, yaani mara kumi kasoro kidogo ya nusu kipenyo cha Jua. Gawanya 618 kwa kipeuo cha pili, utapata kama 197. Chombo kilikuwa na 192. Tofauti hiyo ndogo inatokana na kwamba hakikutoka mbali kusiko na mwisho. Kimefungwa kwenye mzingo unaorudi mpaka maeneo ya Zuhura tu. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kulikagua hilo kwa kalkuleta ya simu, na mimi naona ni jambo kubwa kwamba anaweza.

Nije kwenye nyota nyingine. Hapa wengi huteleza. Nyota kubwa haina maana ya jiwe kukimbia zaidi, kwa sababu mambo ni mawili: tungamo, yaani nyota ina vitu kiasi gani ndani yake, na umbali ambao jiwe linaweza kukikaribia kitovu kabla ya kugonga uso. Tazama angani jioni za Januari, utaona kundi la Jabari lenye nyota tatu za mkanda. Begani mwake pana nyota nyekundu, Betelgeuse. Ina tungamo la Jua mara kumi na kitu, lakini imevimba kiasi kwamba ingewekwa mahali pa Jua ingetumeza sisi na Mirihi. Jiwe likiidondokea linagonga uso wake likiwa bado mbali mno na kitovu, na kasi yake ni kama kilomita 90 hadi 100 kwa sekunde. Jitu hilo halifikishi hata moja ya tano ya kasi ya Jua letu.

Kisha sogeza macho kwenye nyota inayong'aa kuliko zote usiku, Sirius. Ina mwenzake mdogo, aliyeonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1862 na Alvan Graham Clark alipokuwa akijaribu lenzi mpya. Mwenzake huyo ni kibete cheupe: tungamo la Jua zima limeshindiliwa kwenye mpira usiozidi ukubwa wa Dunia. Jiwe linaweza kukikaribia kitovu mno, na hufika na kilomita 6,800 hivi kwa sekunde, mara kumi na moja ya Jua. Na nyota ya nyutroni, yenye tungamo kupita Jua lakini kipenyo chake ni kama kutoka Posta hadi Tegeta, hulipokea jiwe kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga. Hapo ndipo wazo lako la kwanza linapokaribia ukweli, na hapo ndipo hesabu za Newton zinakabidhi kazi kwa Einstein. Hata kwenye ukingo wa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto ambao hata mwanga hauponyoki, jiwe linaukaribia mwanga, haliupiti. Mwalimu wa kijana yuko sahihi.

Kuna jambo moja zaidi la kasi hii ambalo linanigusa, kwa sababu watu wenye akili kubwa walilitegemea wakakosea kwa namna nzuri. Jiwe la kilo moja lenye kasi ya kilomita 617 kwa sekunde lina nishati kiasi gani? Kwa lugha ya LUKU, ni kama uniti 53,000. Nyumba inayotumia uniti 75 kwa mwezi ingetumia jiwe hilo moja kwa karibu miaka 59. Mwaka 1848 daktari Mjerumani Julius Robert Mayer alijiuliza Jua linapata wapi moto wake, akasema: ni mawe. Vimondo vinanyesha kwenye Jua bila kukoma, na mgongano wao ndio unaolipasha joto. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliliunga mkono wazo hilo mwaka 1854.

Si wazo la kipuuzi. Hesabu ya nishati inakubali kabisa. Tatizo ni kiasi cha mawe. Ili kulisha mwanga wa Jua kwa njia hiyo, inabidi kila mwaka Jua limeze mawe yenye tungamo linalokaribia lile la Mwezi mzima. Jua lingekuwa linanenepa, mvuto wake ungezidi, na mwaka wetu ungefupika kama sekunde mbili kila mwaka. Wanaastronomia wana kumbukumbu za kupatwa kwa Jua na Mwezi za karne nyingi, na mabadiliko kama hayo hayakuwamo. Wazo likaachwa. Karne ya 20 ndiyo iliyoonyesha kwamba moto huo unatoka ndani, kwenye viini vya haidrojeni vinavyoungana kuwa heli.

Lakini vitu vinavyolidondokea Jua vipo kweli, na vinaonekana. Ni nyotamkia zile zinazolikaribia Jua mpaka kukwaruza uso wake. Nyingi ni vipande vya nyotamkia kubwa iliyovunjika zamani, nazo zinatoka mbali kiasi kwamba kanuni yetu ya 618 inazifaa moja kwa moja. Desemba 2011 nyotamkia iliyogunduliwa na Terry Lovejoy wa Australia ilipita kilomita 140,000 tu juu ya uso wa Jua, kwa kasi ya zaidi ya kilomita 500 kwa sekunde, na ikatokea upande wa pili ikiwa hai, watu wa kusini mwa dunia tukaona mkia wake alfajiri karibu na Krismasi. Ile ya ISON, tarehe 28 Novemba 2013, haikubahatika. Ilipita mbali zaidi, kilomita milioni moja na ushee, na ikasambaratika.

Nyingi mno ni ndogo, hakuna anayeziona kwa macho. Zinaonekana kwenye picha za chombo cha SOHO, kilichorushwa Desemba 1995 na kinachoziba uso wa Jua kwa kisahani ili kuona kilicho kando yake. Hadi Machi 2024 zilikuwa zimefika 5,000. Wengi wa waliozigundua hawana darubini wala hawajaajiriwa na mtu. Wanapakua picha za chombo hicho, zinazowekwa bure kwenye intaneti, wanazipanga kwa mfuatano, wanatafuta nukta hafifu inayosogea kwenye mstari kuelekea kisahani, wanaandika saa na mahali ilipo, wanatuma. Wewe una simu zaidi ya moja mezani kwako, ndugu yangu, na umeme ukirudi, mwonyeshe kijana picha hizo. Akiona nukta inayosogea kutoka picha hadi picha, apime imesogea kiasi gani na kwa dakika ngapi. Atajua mwenyewe inakwenda kasi gani.